Matone Juu ya Uso wa Koko

Mke wangu aliwahi kuniuliza, akiwa amesimama kwenye mlango wa studio na ndoo tupu mkononi, kama kuna mtu mwingine Kitengela nzima anayenunua maji kwa mwenye punda ili akae ayatazame yakidondoka. Nilimjibu kwamba labda yupo, sijazunguka nyumba zote. Hakucheka. Miaka ile maji yetu yalikuja kwa mkokoteni, katika mitungi ya njano iliyozibwa kwa karatasi za nailoni, na yalikuwa na chumvi iliyoacha utando mweupe ndani ya kila sufuria. Mtu anayeyachezea maji ya namna hiyo alipaswa kutoa maelezo, na maelezo yangu hayakuwa ya kumridhisha mwanamke mwenye nguo za kufua.

Nilikuwa nataka picha moja tu. Nilikuwa nimeitaka kwa miaka.

Mambo yalianzia Kajiado mjini, katika miaka ya tisini, nilipokuwa msaidizi wa maabara katika shule moja ya sekondari. Kazi yangu ilikuwa kuosha vioo, kupanga vifaa na kuwafukuza wanafunzi waliopenda kunusa chupa zisizowahusu. Siku moja nikipanga stoo nilikuta kitabu cha fizikia kisicho na jalada, na ndani yake picha ya tone la maziwa lililokuwa limetua sasa hivi kwenye sahani. Maziwa yalikuwa yameinuka pande zote yakawa taji, na juu ya kila ncha ya taji kulikuwa na kipira kidogo. Picha yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe. Mimi nilizaliwa magharibi mwa nchi, katika boma ambalo ng'ombe walikamuliwa mbele yangu asubuhi na jioni, na maziwa yakidondoka nilikuwa nimeyaona tangu sijajua kutembea. Taji sikuwahi kuliona. Sikufurahi kuiona picha ile, niliudhika. Jambo linatendeka mbele ya macho yangu kila siku na mimi sina habari, kama mwenye nyumba anayepata habari za nyumbani kwake kutoka kwa majirani.

Kamera nilikuwa nayo tayari. Niliinunua kwa mwalimu aliyekuwa akihamishwa, nikawa napiga picha za harusi na ubatizo mwisho wa wiki. Shule ilipopunguza wafanyakazi nilikuwa miongoni mwa waliopunguzwa, na kamera ile ndiyo ikawa jembe langu. Mke wangu, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alipata nafasi Kitengela, tukahamia huko mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikodi vyumba viwili kando ya barabara, vilivyopakana na nyumba yetu. Katika cha mbele nilipiga picha za pasipoti na za familia, mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo Kajiado hatuna. Cha nyuma nilikifunika dirisha kwa kitambaa cheusi, na huko ndiko nilikoupeleka wazimu wangu kila Jumapili mchana, baada ya kanisa.

Nitaeleza nilivyofanya, maana watu hudhani ni uchawi. Nilinunua mpira wa dripu kwenye duka la dawa, ule wa wagonjwa, wenye kigurudumu cha kupunguza na kuongeza. Nikautundika kwenye msumari darini na chupa yake, na chini nikaweka sinia pana niliyoipaka rangi nyeusi. Ukikaza kigurudumu vizuri, tone linaanguka, panakuwa kimya kidogo, linaanguka lingine, bila kukosea. Pale lilipoangukia nilisimamisha msumari mwingine, nikaulenga kwa kamera mpaka kichwa chake kikaonekana wazi, kisha nikauondoa. Taa nilizima. Kamera niliiacha ikiwa imefunguka, kwa sababu gizani filamu haioni kitu hata ukiiacha wazi mpaka uchoke. Kinachoandika picha hapo ni flashi peke yake, na flashi ni fupi kuliko kupepesa jicho.

Flashi nilikuwa nazo mbili. Moja ilikuwa ya kazi, nyingine ilikuwa kuukuu na haikuwaka mpaka ipigwe kofi dogo la upande. Mbele ya ile ya kwanza nilibandika karatasi nyekundu ya kufungia peremende za Krismasi, ile inayopitisha mwanga, na mbele ya pili nikabandika ya buluu. Zote mbili niliziunganisha kwa waya kwenye kitufe kimoja. Nilitaka taji kama lile la kitabuni, lakini liwe jekundu upande huu na buluu upande ule, na vipira vyake vyote viwe vimekamilika. Hapo tu ningeridhika.

Filamu tatu za kwanza zilitoka na sinia tupu. Maji yalikuwa yametulia katikati ya rangi mbili nzuri, kana kwamba hayajawahi kuguswa. Filamu nilizipeleka kuoshwa Nairobi, na dada wa kaunta huko, ambaye alinizoea kwa picha za harusi, aliniuliza kwa adabu zote, "Mzee, hii sinia unauza?" Nilicheka naye. Kurudi Kitengela sikucheka hata kidogo.

Kosa langu lilikuwa kungoja. Nilikuwa nikiona tone ndipo nibonyeze, na kidole kikipata habari jambo limekwisha. Dawa yake niliipata kwenye kwaya. Mimi huimba besi, na mwalimu wetu wa kwaya alikuwa akitugombeza kila mazoezi kwamba ukingoja usikie wenzako ndipo uingie, umechelewa. Ingia kwa kuhesabu. Basi nikaacha kutazama. Nilifumba macho, nikasikiliza matone yakigonga sinia mpaka mapigo yake yakaniingia mwilini, halafu nikabonyeza pale nilipojua kwamba tone linafika. Filamu ya nne ilikuwa na nguzo za maji zilizosimama wima, na juu ya nguzo moja kulikuwa na tone lililogeuka kurudi lilikotoka. Niliipeleka picha ile jikoni mbio mbio. Mke wangu alifuta mikono, akaitazama kwa muda, akasema, "Sawa, ni nzuri. Lakini bado maji yameisha."

Maji matupu, hata hivyo, hayainui taji la maana. Yanaruka ovyo. Maziwa ni mazito zaidi, yanashikana, na ndiyo maana kitabu kile kilitumia maziwa. Hapo ndipo alipoingia mama aliyekuwa akituletea maziwa, ambaye sisi tulimwita Mama Maziwa, na yeye akaniita Mzee wa Picha. Alikuwa mwanamke wa Kimaasai, bado kijana, aliyesoma mpaka kidato cha nne kabla ya kuolewa. Kila asubuhi alitoka pande za Isinya na madebe yake, na maziwa yalikuwa ya ng'ombe wa mama mkwe wake.

"Siku hizi mnachukua kikombe ingine," aliniambia asubuhi moja. "Mko na mgeni?"

"Hakuna mgeni," mke wangu akamjibu kutoka ndani. "Huyo anayapiga picha."

"Maziwa?"

"Si umuulize mwenyewe."

Nilimwonyesha picha niliyokuwa nimeipata wiki iliyotangulia. Taji lilikuwa limelala upande mmoja na vipira vilikuwa vinne tu, viwili vyekundu na viwili buluu, lakini mtu angeweza kuelewa nilikokuwa nikielekea. Mama Maziwa aliishika kwa ncha za vidole. Kisha akasema, "Hii maziwa imevaa ushanga." Akaniomba aende nayo nyumbani akamwonyeshe Koko. Koko ni bibi kwa Kimaasai, na hivyo ndivyo wote walivyomwita mama mkwe wake, hata majirani.

Kesho yake alirudi na picha yangu na ujumbe. "Koko anauliza, huyo mtu anapiga picha maziwa, anaweza piga mwenye maziwa?"

Nikasema ninaweza, na kwa furaha.

"Lakini anasema lazima uilete. Wewe mwenyewe."

Nilidhani ni maneno ya kawaida ya mtu mzima asiyetaka kuzungushwa. Nikaja kuelewa nilipofika kwake. Nyumbani kwao kulikuwa mbele ya Isinya, ukiiacha barabara ya Namanga na kutembea nusu saa hivi kwenye majani makavu. Nilimsalimu kama nilivyofundishwa Kajiado, "Takwenya, Koko," akaitikia "Iko" na kunipa mkono mwembamba, mkavu, wenye nguvu. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, cha barabarani, kwa hiyo Mama Maziwa alikaa katikati yetu akitafsiri.

Koko alikuwa ameuza shanga kando ya barabara ile kwa miaka mingi, pale magari ya watalii yaliposimama watu wanyooshe miguu. Kila gari lilishusha watu wenye kamera. Wengine walimwomba ruhusa, wengine hawakuomba. Walimwambia avae shuka jekundu, avue sweta, ageuke jua limpate, acheke. Karibu wote waliahidi kumtumia picha. Mmoja aliandika anwani ya kanisa kwenye daftari zuri la ngozi, akarudia kuisoma herufi kwa herufi, na Koko akawa anapita kanisani kuuliza mpaka katekista akaanza kumkwepa.

"Anasema uso yake iko kila mahali huko ng'ambo," Mama Maziwa akatafsiri. "Hapa kwake haiko. Anasema wale watu ni wevi. Wazuri wa kuongea, lakini wevi. Anauliza kama wewe utarudi."

"Nitarudi."

"Na picha?"

"Na picha, Koko. Nitaileta kwa mkono wangu."

Alinitazama sana, kama mnunuzi wa ng'ombe anavyotazama meno. Halafu akaingia ndani. Mama Maziwa alikuwa amemwandalia shuka jipya jekundu na mikufu mipana ya shanga, lakini Koko alitoka amevaa sweta lake la kijivu lenye vifungo mpaka shingoni, na kitambaa cheupe cha kichwa anachoendea kanisani. Mama Maziwa akalalamika. Koko akamkata kwa maneno mawili matatu, na nilipouliza nikaambiwa, "Anasema hizo za nyekundu ni za barabara. Leo ni ya wajukuu."

Alikaa kivulini kwenye ukuta wa nyumba. Nilisimamisha kamera wima, kama inavyofaa picha ya mtu mmoja, nikampiga picha nane. Hakucheka kwa sababu sikumwambia acheke. Alitazama lenzi kwa utulivu wa mtu aliyezoea kutazamwa na asiyetarajia kitu. Nilijua palepale kwamba nimepata picha nzuri, na nikawa na haraka ya kumwonyesha.

Sasa lazima nikiri tabia yangu moja. Filamu ilikuwa na picha thelathini na sita, na mimi sikuwa mtu wa kutupa ishirini na nane. Wapiga picha wengi wa vijijini tulifanya hivi: ukiwa na kamera moja na kazi mbili, unairudisha filamu ndani ya kopo lake polepole, sikio likiwa juu ya kamera, na ukisikia inaachia unasimama hapo hapo ili ulimi wake, yaani kile kipande cha mwanzo, ubaki nje. Kesho unairudisha kwenye kamera na kuendelea ulipoachia. Ubaya wake ni kwamba filamu mpya nayo hutoka dukani ulimi ukiwa nje. Ukiziweka pamoja ni mapacha. Kwa hiyo filamu iliyotumika niliibandika kipande cha plasta nyeupe na kuandika kwa kalamu. Hii niliandika "Koko 8", nikaitia kwenye droo, nikingoja wateja wa pasipoti wanimalizie zilizobaki. Ningeweza kuipeleka Nairobi hivyo hivyo ilivyo. Uchoyo wa filamu ndio ulionizuia, na siusingizii kitu kingine.

Jumapili ilifika nikiwa na maziwa mabichi na moyo mwepesi. Tulikuwa tumeimba vizuri kanisani. Nilifunga mlango wa nyuma, nikajaza chupa, nikakaza kigurudumu. Mikono ilikuwa na maziwa mpaka vifundoni. Nikafungua droo kwa mikono hiyo hiyo, nikapapasa, nikatoa filamu yenye ulimi nje, nikaigeuza huku na huku, sikuona plasta. Nikaitia kwenye kamera.

Sijawahi kuwa na mchana kama ule. Matone yalianguka kama yaliyofundishwa. Hata flashi kuukuu haikutaka kofi. Nilifumba macho, nikahesabu, nikabonyeza, na kila mwanga ulipopasua giza nilijua, kabla ya kuona chochote, kwamba limo. Niliimaliza filamu nzima bila kusimama. Mke wangu alinisikia nikiimba besi peke yangu, jambo ambalo halipendezi mtu, akagonga ukuta kuniambia nipunguze.

Siku mbili baadaye alikuwa akifua nyuma ya nyumba. Aliniita. Alikuwa ameshika sweta langu la kazi, na kwenye kiwiko, kimekauka na maziwa, kilikuwa kimeng'ang'ania kipande cha plasta.

"Hii ni nini? Imeandikwa Koko nane."

 Nilikwenda mpaka kwenye droo, nikahesabu filamu, ingawa nilikuwa najua. Nikakaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya maporomoko ya maji ya pazia, na mke wangu akaja akasimama mlangoni na povu mikononi. Nilimweleza. Filamu moja ilikuwa imepita kwenye kamera mara mbili, na juu ya uso wa yule mama mzee nilikuwa nimemwaga matone. Kitumbua kilikuwa kimeingia mchanga, na mchanga niliutia mimi.

Naona aibu kusema nilichowaza kwanza, lakini nitasema. Niliwaza taji langu. Miaka yote ile, halafu siku linapotokea, huenda limetokea juu ya sweta la mtu. Nilimwonea Koko hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyeingia kwenye sinia yangu. Ilinichukua mpaka kesho yake kugeuza mambo yakae yanavyostahili.

Nairobi nilimwambia dada wa kaunta atoe zote zilivyo, asiruke hata moja. Nilizitazama nje ya duka, mgongo kwenye ukuta. Zile ishirini na nane za mwisho, za maziwa matupu, zilikuwa na mataji yaliyopinda au yaliyopungukiwa vipira. Kwa kuwa Koko nilimpiga kamera ikiwa wima na sinia nikaipiga ikiwa imelala, matone yalikuwa yakianguka kwa ubavu, kutoka sikio la kushoto kwenda la kulia. Katika zile nane, kwenye tatu uso wake ulikuwa umefutika kabisa, kuna ukungu wa maziwa na kitambaa cha kichwa kinachoelea. Kwenye nne nyingine nguzo ya maziwa ilimpita katikati ya pua. Moja tu ndiyo iliyokuwa na uso mzima. Macho yake yalionekana vizuri, mdomo pia, kila mkunjo mahali pake, na kutoka kwenye shavu lilichomoza taji la maziwa lililokamilika, jekundu upande mmoja na buluu upande wa pili, na vipira vyote juu ya ncha zake. Ndilo nililolitafuta tangu Kajiado. Lilikuwa limemtoka bibi wa watu shavuni kama jipu.

Sikuenda kwake. Mama Maziwa aliniuliza, "Koko anauliza picha iko wapi," nikasema huko Nairobi wana kazi nyingi. Wiki iliyofuata nikasema mashine yao imekufa. Wiki ya tatu nikisikia madebe mlangoni nilikuwa naingia chumba cha nyuma na kumwachia mke wangu mazungumzo. Nilijiambia kwamba nitampiga Koko picha nyingine kwa kisingizio fulani, na hatajua. Nilijiambia pia kwamba ni mzee, atasahau. Picha zilikuwa kwenye bahasha juu ya kabati, na nilikuwa nalikwepa kabati.

Asubuhi moja mke wangu alinifuata kule nyuma baada ya Mama Maziwa kuondoka. Hakupandisha sauti. "Leo ameniambia kitu," akasema. "Koko ameacha kuuliza."

Nikasema labda ni afadhali.

"Siyo afadhali. Ameacha kuuliza kwa sababu amekuweka na wale wengine. Na mimi nikiwa mahali pake ningekuweka hapo hapo." Kisha akaongeza ile methali anayopenda kuwaambia wanafunzi wake, kwamba njia ya mwongo ni fupi, akaenda shule.

Nilifunga studio saa ile ile. Nilichukua bahasha, kamera na filamu mpya ambayo niliifungua kutoka kwenye boksi lake mbele ya macho yangu mwenyewe, nikashuka Isinya, nikatembea. Mama Maziwa alikuwa bado hajarudi kutoka sokoni, kwa hiyo mimi na Koko tulikaa kwenye ukuta ule ule, tumesalimiana, hatuna lugha ya kutosha, tukitazama mbuzi. Bahasha ilikuwa mapajani mwangu. Aliiona, hakuiomba. Nadhani ile nusu saa ndiyo ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa.

Mama Maziwa alipofika nilisema kabla hajatua madebe. Nilimwomba atafsiri kila neno asinifiche. "Koko, nilikuahidi picha na nimeiharibu. Filamu ni kama ukurasa. Nilikuandika wewe, halafu kwa uzembe wangu nikaandika maziwa juu yako. Hizi ndizo zilizotoka. Nimekuja na kamera, ukikubali nikupige tena. Ukikataa ni haki yako."

Akanyoosha mkono. Alizipitia zote nane, moja moja, akizileta karibu na macho. Ile yenye taji aliigeuza wima, akailaza, akaigeuza tena.

"Anauliza hii nyeupe ni maziwa?"

"Ni maziwa."

"Ya nani?"

"Ya ng'ombe wake."

Koko alitoa sauti ndogo ya kicheko, akaniuliza ni ng'ombe yupi, na Mama Maziwa akamwambia hapo sasa anataka kujua mengi. Ile moja akaitia ndani ya sweta. Zile saba akanirudishia. Ya pili angepigwa, akasema, lakini baadaye, na hii haitoki hapa.

Kisha uso wake ukabadilika. "Anauliza, mbona ulikaa siku mingi hivyo?"

"Niliona haya, Koko."

"Ya nini?"

"Ya kuleta picha mbaya kwa mtu niliyemwahidi nzuri."

 Alitazama upande wa barabara, ambayo kutoka pale haionekani, ila malori yakipanda mlima unayasikia. Halafu akaanza kumwambia mke wa mwanawe maneno mengi, taratibu, na mara kwa mara akinielekezea kidevu. Mama Maziwa alichelewa kutafsiri.

"Anasema wale watu wa magari, kumbe hawakuwa wevi. Anasema labda yao pia iliharibika, wakaona haya kurudi, kama wewe. Anasema ameomba Mungu mabaya juu yao miaka yote, na walikuwa wanaona haya tu."

Kamera za wale watu nilizijua. Nilikuwa nimezitamani kwenye vioo vya maduka ya Nairobi. Zilijipimia mwanga zenyewe na kujilengea zenyewe, na mtu angelazimika kujitahidi sana ili aharibu picha nazo. Picha walizompiga Koko zilitoka safi, kila moja, pamoja na shuka lake jekundu. Nilikuwa nimekwenda pale kusema ukweli, na mdomo ulikuwa bado umezoea kuusema. Nikamtazama. Mabega yake yalikuwa yameshuka, na alikuwa ananingoja mimi, mtu wa kamera, nimthibitishie. Nilihisi uchungu kuliko siku niliyofungua bahasha.

"Labda, Koko," nikasema.

Mama Maziwa alinitazama. Alikuwa amepita kando ya barabara ile maisha yake yote, na alijua ninachojua. Akamgeukia mama mkwe wake na kutafsiri. Mimi nilikuwa nimesema neno moja tu, lakini Kimaasai chake kilikuwa kirefu, na Koko alikisikiliza mpaka mwisho akiitikia kwa kichwa, mkono wake ukiwa juu ya sweta, pale picha ilipokuwa. Sikuwahi kumuuliza aliongeza nini.